Maneno ya Ngazini

Lifti ilikata roho saa tatu asubuhi, ikiwa imebeba viti sita na mlinzi mmoja mnene. Walipoifungua kwa nondo, mlinzi alitoka akiapa kwamba hata apewe dunia nzima harudi humo ndani. Siku nyingine Mama Tayari angemcheka mpaka mbavu zimuume. Leo alisimama tu mbele ya ile milango iliyopinda, faili kifuani, akipiga hesabu ya ngazi: ghorofa nne, kila moja vidato kumi na vinane. Na shahidi wake alikuwa hawezi kutoka kitandani kwenda chooni bila kupumzika njiani mara mbili.

"Fundi anasema kesho," mlinzi alimwambia, akijifuta jasho.

"Kesho itanifaa nini mimi? Kibali changu ni cha leo, saa tano mpaka saa kumi. Kesho hata uniletee lifti ya dhahabu."

Kazi yake ilikuwa kupanga ushahidi. Watu wa nchi za mbali wakiwa na kesi kwao, na shahidi wao yuko huku hawezi kusafiri, walimwandikia yeye. Yeye ndiye aliyehangaika na kibali wizarani, akatafuta chumba, mkalimani, mwandishi wa mahakama na mashine yake, akasimamisha kamera, akaweka maji mezani. Mawakili walishuka na ndege, wakamhoji shahidi kana kwamba wako mbele ya hakimu, kila neno likaandikwa, na zile karatasi zikaenda kusomwa katika mahakama ambayo shahidi hangeiona maisha yake yote. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kazi hiyo. Jina la Mama Tayari alipewa na mawakili wenyewe, maana kila walipopiga simu kuuliza jambo, kabla hawajamaliza aliwajibu, "Tayari."

Sasa jamani, kosa lake. Mtu mwingine angejaza fomu ya kibali akaandika "katika jengo hili" na kwenda zake kulala. Yeye, kwa ule ushupavu wake wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa, aliandika ghorofa, akaandika namba ya mlango, akaandika hadi upande madirisha yanakotazama. Wizara ikapiga muhuri juu ya maneno hayo hayo. Ushahidi utachukuliwa humo, si kwingine. Pale chini palikuwa na ukumbi mtupu, mzuri, una feni mbili, na haukuwa na faida yoyote kwake.

Alipanda juu kuwaona mawakili, akafika akihema. Wakili wa mjane, mama mmoja mrefu asiyejua kukaa kitako, alikubali kuhamia chini kabla hajaulizwa. Wakili wa kampuni alikuwa bwana mpole, mafua yamembana, leso haimtoki mkononi.

"Mimi binafsi sina neno," alisema kwa lugha yao. "Lakini kibali kinasema chumba hiki. Siwezi kukubali kuhama bila ofisi yangu, na ofisi yangu sasa hivi imelala usingizi mzito. Pole sana, mama."

Na alikuwa anasikitika kweli. Mama Tayari aliona, na kwa sababu hiyo hakupata hata mtu wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe.

Kesi ilikuwa hivi. Miaka sita nyuma, fundi wa injini katika meli ya mizigo alikutwa amekufa ndani ya stoo ya barafu, mlango umejifunga. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika. Alikutwa amekumbatia paja zima la ng'ombe. Kampuni ikasema fundi wa injini hana kazi ndani ya stoo ya nyama, aliingia kuiba, na mwizi halipwi fidia. Ikaandikwa hivyo, mjane akapewa nakala. Tangu siku hiyo wanawe wawili walikuwa wanaitwa watoto wa mwizi wa nyama na wenzao shuleni, na yule mkubwa alikuwa ameanza kugoma kwenda. Mjane alifungua kesi kule kampuni iliko. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja, mpishi wa meli, na huyo mapafu yake daktari alishaacha hata kuyazungumzia.

Mpishi aliletwa na teksi saa nne na nusu. Mzee mdogo wa umbo, ndani ya koti lililokuwa la mtu aliyekuwa yeye zamani, mirija ya hewa puani na mtungi wake mdogo ubavuni. Alizitazama ngazi kutoka chini hadi zinapokata kona.

"Mwanangu, hizi zinaishia mbinguni? Maana huko nilikuwa nakwenda hata hivyo, msingejisumbua."

"Zinaishia ghorofa ya nne, mzee wangu. Na kosa ni langu, si la lifti. Nisamehe."

"Wewe ndiye wa simu? Uliyeniuliza kama napenda maji ya baridi au ya vuguvugu?"

"Ndiye mimi."

"Basi umeshasamehewa."

Mjane alikuwa pale mlangoni, leso ya kichwa imefungwa kwa haraka, kibegi cha dawa za mzee ameshakishika bila kuombwa. "Pole na safari, shemeji," alimwambia. Mzee alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakujua kama na yeye atakuja. Aliitikia kwa sauti ndogo, akainamisha macho, na mjane akatangulia juu na kile kibegi.

Mlinzi na dereva wa teksi walimkalisha kwenye kiti, mmoja akashika nyuma, mmoja mbele. Mama Tayari akabeba mtungi, akienda nao hatua kwa hatua ili ule mrija usije ukavutika. Ghorofa ya kwanza walipanda kwa mbwembwe. Ya pili mlinzi alianza kuwataja marehemu wa ukoo wake mmoja mmoja. Ya tatu wakakitua kiti kwenye kibaraza cha ngazi, chini ya dirisha.

"Dakika tano, mama," mlinzi alisema, mkono kiunoni. "Tukanywe maji turudi, la sivyo mtachukua na ushahidi wangu mimi."

Wakabaki wawili. Kidirishani kulikuwa na vumbi na nzi mmoja mkaidi. Mzee alivuta pumzi mara kadhaa, kila moja akaifuata mbali, halafu akaanza kusema bila kumtazama.

"Hakuiba yule."

"Mzee wangu."

"Goti langu lilikuwa limevimba siku ile. Yeye alikuja jikoni kama kawaida yake, zamu imekwisha. Nikamwambia, ndugu yangu, nichukulie lile paja, mimi goti halikunjiki. Nikamtuma mimi. Na nilikuwa najua kitasa kibovu. Sisi wa jikoni tulikuwa tukiingia tunazuia mlango kwa gunia la vitunguu. Yeye sikumwambia. Nilisahau kumwambia, mwanangu. Hapo hapo nikaitwa juu, nahodha ana wageni. Niliporudi nikadhani amechoka kusubiri, ameenda kulala."

Mama Tayari alikuwa ameshika mtungi kwa mikono miwili. Ndiyo kesi nzima hiyo, aliwaza, imekaa hapa kwenye kiti. Mtu aliyetumwa si mwizi. Na humu ngazini hamna kiapo, hamna mwandishi, hamna kamera. Lililosemwa hapa, kwa sheria, halijasemwa.

"Mzee wangu, nakuomba, usiniambie mimi. Maneno ya ngazini hayaandikwi."

"Ndiyo maana nakuambia hapa," mzee alisema.

Akatafuta pumzi, akaipata.

"Nahodha aliniuliza, ulimtuma? Nikasema sikumtuma. Niliogopa. Nikaambiwa tia saini, nikatia. Mke wangu amekufa hajui. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba huko juu nitasema. Sasa yeye amekuja. Nitamwambia vipi, naye amenikodolea macho? Miaka sita ananiletea uji nikiumwa. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo Mama Tayari alipotamani awe mtu mwingine yeyote, hata yule mlinzi. Kazi yake haikuwa na upande. Akimwambia "sema," atakuwa amemfundisha shahidi. Akimnong'oneza wakili wa mjane, ushahidi wote utatiwa doa, na bwana wa mafua atakuwa na haki kabisa ya kuuchana.

"Sina ruhusa ya kukushauri, baba. Kweli sina."

"Basi usinishauri. Nishike mkono tu mpaka wale warudi."

Akamshika. Ulikuwa mkono mkavu, mwepesi, wenye makovu ya mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko. Wakakaa hivyo, nzi akigonga kioo, mpaka waliposikia mlinzi akirudi huku akilalamika.

Saa tano na dakika kumi mzee alikula kiapo mbele ya mwandishi wa mahakama, binti mmoja mtulivu mwenye kucha fupi, ambaye alikuwa na idhini ya kuapisha. Kisha mwandishi akakaa kwenye mashine yake, na kila lililosemwa na mkalimani likaingia vidoleni mwake bila uso wake kubadilika. Mama Tayari alikuwa nyuma ya kamera. Mjane, kwa kuwa kesi ni yake, alikuwa na haki ya kuwepo. Aliwekewa kiti upande wa pili wa meza, uso kwa uso na shahidi. Aliyekiweka pale, asubuhi mapema, ni Mama Tayari mwenyewe, maana hapo ndipo anapomweka mwenye kesi siku zote.

Wakili wa mjane aliuliza polepole, akimpa mzee nafasi ya kuhema. Kitasa kilivunjika lini? Miezi miwili kabla. Alimwambia mtu? Alimwambia ofisa wa meli mara tatu, na mara ya tatu aliandika katika daftari la jikoni. Hayo yote mzee aliyasema vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya unga. Wakapumzika saa saba, akalala kidogo kitini, wakaendelea.

Saa nane na nusu ikawa zamu ya wakili wa kampuni. Alipenga kamasi, akaomba radhi, akasukuma karatasi moja katikati ya meza.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Hapa imeandikwa kwamba hukumtuma marehemu stoo, na hujui aliingia kufanya nini. Ni kweli ulisema hivyo?"

Mzee aliitazama karatasi. Halafu akainua macho, na mbele yake, karibu kabisa, mjane alikuwa amekaa mikono mapajani, akimtazama kwa tumaini la wazi kabisa, tumaini la mtu ambaye hajui anachokitumaini. Mzee alifungua mdomo. Mashine ya mwandishi ilisubiri. Kamera ya Mama Tayari iliendelea kuhesabu sekunde, na yeye nyuma yake alikuwa ameshikilia mguu wa stendi kama anaanguka.

"Nilisema hivyo," mzee alijibu.

"Na je, ulimtuma?"

"Sikumbuki."

Mkalimani akatafsiri. Mwandishi akaandika. Neno likawa limeingia, limekaa. Wakili wa kampuni aliivuta karatasi yake bila kufurahi, na wakili wa mjane akaomba mapumziko ya robo saa.

Watu walitoka kujinyoosha. Wewe ungefanya nini? Mama Tayari alizunguka chumba akikusanya glasi, na kila alipopita alikuwa anajiambia: wewe ni wa viti na maji. Wewe ni wa viti na maji, mwanamke, viache vya watu. Alisema hivyo kama mara tano. Mara ya sita akasimama, glasi mkononi, akakitazama kile kiti cha mjane.

Viti si ndiyo kazi yake?

Jua la mchana lilikuwa limefika dirishani. Lilikuwa linaipiga kamera kweli, mtu yeyote angeliona; akilitaja hangekuwa anasema uongo. Alikibeba kile kiti akakizungusha meza yote, akakiweka ubavuni mwa shahidi, bega kwa bega, sawa na wanavyokaa ndugu wawili kwenye benchi la hospitali. Mbele ya mzee pakabaki ukuta mweupe na saa yake ya mviringo.

Wakili wa kampuni aliporudi alisita mlangoni. Alikiangalia kiti, akamwangalia Mama Tayari.

"Mwanga," Mama Tayari alisema kwa lugha yao. "Unaingia kwenye lenzi. Una pingamizi?"

Bwana yule alikuwa mtu mzima kazini. Aligeukia dirisha, akapangusa pua yake taratibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sina," alisema.

Mjane alikaa alipoonyeshwa. Hakuuliza. Mzee alipotaka maji glasi ilimlemea, ikagonga meza, na mjane, bila kusema kitu, maana wote walikuwa wamekatazwa kuzungumza na shahidi, akaishika ile glasi kwa chini mpaka mzee akamaliza kunywa. Akalipangusa tone kwenye koti la mzee kwa ncha ya leso, kisha akarudisha mikono mapajani na kutazama mbele. Wakawa wote wawili wanautazama ukuta mmoja.

Maswali madogo madogo yakasogea. Saa kumi kasorobo ikapita. Wakili wa mjane alikuwa amechoka, mabega yamemshuka. Alilifunga daftari lake na kuuliza swali ambalo huulizwa mwishoni karibu kila siku, na ambalo karibu kila siku hujibiwa hapana.

"Katika majibu yako ya leo, kuna lolote ungependa kulirekebisha?"

Mkalimani akalitafsiri. Mzee akautazama ukuta. Mtungi wake ulikuwa ukitoa mlio mdogo, ss, ss, kila pumzi.

"Lipo," alisema.

Wakili wa mjane aliyekuwa anakusanya kalamu akaacha.

"Nilisema sikumbuki. Nakumbuka. Nilimtuma mimi. Hakwenda kuiba, alikwenda kunichukulia nyama kwa sababu mimi goti lilikuwa linaniuma. Mlango ulikuwa mbovu, nilijua, nikasahau kumwambia. Na nahodha aliponiuliza, nikamkana. Hayo ndiyo."

Mkalimani, ambaye kwa kawaida maneno hayamkai mdomoni, alihitaji kukohoa kwanza. Mama Tayari hakuona vizuri kupitia kamera. Ilimbidi ajifute macho kwa mkono wa blauzi, tena akashukuru kwamba kamera haimtazami yeye. Mjane hakusogea. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa imekamatana, kucha zimezama kwenye ngozi.

Wakili wa kampuni alisimama, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kusimama.

"Kwa hiyo karatasi uliyoitia saini ni ya uongo?"

"Ya uongo. Wangu mimi."

"Kuna mtu amekwambia leo useme hivi? Wakati wa mapumziko, au kabla?"

Mama Tayari aliinamia kamera yake.

"Hakuna," mzee alisema. "Nilimwomba mtu mmoja anishauri, akakataa."

Bwana yule aliandika kitu, akakikata, akakaa. "Sina swali jingine."

Mzee akaomba kusikia walichoandika. Mwandishi wa mahakama akarudi nyuma katika mashine yake na kusoma, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, katika lugha ya mbali. Na mkalimani akayarudisha maneno nyumbani moja baada ya jingine. Nilimtuma mimi. Hakwenda kuiba. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ndivyo," alisema. "Lakini ongeza. Andika kwamba chai yake nilikuwa nimeshaimimina. Iko mezani, nimeifunika na kisahani. Ili wajue alikuwa mtu wa kurudi."

Hakukuwa na swali lililoulizwa, na kwa taratibu zao jibu lisilo na swali huwekewa pingamizi. Wakili wa mjane alimtazama mwenzake. Yule wa mafua aliinamia leso yake na hakuinua mkono.

Hapo ndipo mjane aliposema. Hakugeuka, aliuambia ukuta.

"Sukari vijiko vingapi?"

Mwandishi alitupa jicho kwa Mama Tayari, maana mwenye kesi haruhusiwi kuuliza, na Mama Tayari ndiye aliyewasomea wote masharti asubuhi ile. Mama Tayari hakutikisa hata kope.

"Vinne," mzee alisema. "Nilikuwa namgombeza kila siku."

"Mimi pia," mjane alisema.

Mkalimani akayapeleka yote kwa lugha ile nyingine, vijiko, kugombeza, vyote, na mwandishi akashusha vidole vyake vyenye kucha fupi juu ya mashine. Zilikuwa zimebaki dakika mbili kufika saa kumi. Aliyekuwa na kazi ya kuzitangaza ni Mama Tayari, na aliziacha zipite kimya, kamera ikiwatazama watu wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja akihema kwa shida, mwingine akimhesabia pumzi zake.